Hakuna Mulozi Mezani



Kwa desturi makapita wakiandika hapa, ni kwa kukumbusha kengele, vitanda visivyotandikwa, na wale wanaoruka ua mangaribi. Leo hatukuje na mambo ya kengele. Tuko na neno moja ambalo halisemwi kanisani wala darasani, na tumebishana siku tatu kama linaweza kuandikwa katika gazeti la masomo ya Waprotestanti. Neno lenyewe ni mavi. Mchungaji alisoma karatasi hii mbele ya kuchapwa, akacheka kidogo, akasema: «Acheni, ibaki.» Basi imebaki.

Mnakumbuka wote lile juma la mwezi wa kumi na moja, mvua ilipoanza kunyesha kwa nguvu, namna interna yetu iligeuka kuwa hospitali. Alhamisi usiku watoto wawili walitoka mbio na taa kwenda musalani. Ijumaa walikuwa sita. Jumapili tulihesabu vitanda kumi na moja vyenye wagonjwa, na si kuhara kwa kawaida, ile ya kula maembe mabichi. Ilikuwa kuhara damu: tumbo linakatika, homa, mtu anakaa musalani mara ishirini kwa usiku na kinachotoka ni damu na makamasi tu. Wanne walibebwa kwa kinga mpaka hospitali ya misioni. Mmoja wao alikuwa mwepesi mgongoni kama gunia tupu. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyekufa.

Lakini mutu mmoja alipotea, na ndiye anayetufanya tuandike.

Alikuwa mtoto wa darasa la chini, mgeni, mwaka wake wa kwanza kati yetu. Jina lake hatuandiki. Juma lile ilikuwa zamu yake kugawa bukari mezani. Wagonjwa tisa kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wa meza yake na meza ya jirani. Yeye mwenyewe hakugonjwa. Haikupita siku mbili, maneno yakaanza kutembea nyumba ya kulala: «Ule mutoto njo alitugawia bukari. Bote ba meza yake beko bagonjwa, ye peke hapana. Hamuone?» Wakaona. Au wakafikiri wameona. Mmoja alisema alimsikia akisema peke yake usiku. Mwingine alisema bibi yake anajulikana kijijini. Wakahamisha vitanda mbali na chake. Kwenye chakula alikaa mwisho wa benchi na sahani yake magotini. Jumatano mjomba wake alifika na kinga, akafunga godoro na sanduku nyuma, wakaenda. Hakuna aliyemuaga. Sisi makapita tulisimama barazani tukiangalia, na hatukusema kitu.

Sasa tunasema. Nani alimutuma musalani siku ya Jumanne? Ni sisi. Alicheka wakati wa kusoma usiku, kapita mmoja akamuandika, na adhabu ikawa ile tunayoipenda sisi sote: kesho yake kufagia na kuosha musalani yote, peke yake, kwa ndoo moja na ufagio. Sabuni haikuwako. Alipokuwa angali anamwaga maji ya mwisho, kengele ya chakula ililia, na ni sisi tuliompigia kelele: «We mutoto, harakisha, batu beko na njaa, kuya ugawe bukari!» Akaja. Mikono aliipanguza kwenye kaptula. Akakata bukari, akaweka kwenye sahani moja moja, akazunguka na kopo la maji ambalo tunachota wote kwa kutumbukiza mkono ndani ya ndoo.

Hatuwezi kuapa kwamba ugonjwa ulipita njia ile. Pengine ulipita kisimani, pengine kwa mmoja wetu. Muuguzi aliangalia ndani ya mikroskopi yake kama ni amiba, kwa sababu amiba pia inaleta damu, na hakuziona. Akawatibu kama watu wa bakteria. Lakini hata kama ilipita kwa mkono wa mtoto yule, mkono ule sisi ndio tuliuchovya ndani ya mavi ya watu mia moja, kisha sisi ndio tuliuita mezani. Kama kuna mulozi katika hadithi hii, anavaa beji ya kapita.

Tuelezane basi namna mambo haya yanavyokwenda, kwa maana katika darasa la biolojia tunaandika majina kwa kupata pointi tu, tukifika nyumbani tunarudi kwenye maneno ya kunong'ona.

Mikrobe ya kuhara damu iligunduliwa na Mjapani mmoja, Kiyoshi Shiga, mwaka wa 1897, wakati ugonjwa ulipokuwa unamaliza watu kule Japani. Ndiyo maana inaitwa Shigella mpaka leo. Jambo la kushangaza ni uchache wake. Ili kumgonjesha mtu mzima, kumi mpaka mia moja zinatosha, na kumi za namna hiyo zinakaa chini ya ukucha mmoja na nafasi ya wengine mia elfu inabaki. Haihitaji kisima kizima kichafuke. Haihitaji hata mkono uonekane mchafu. Mkono unaotoka musalani, ukipanguzwa kwenye kaptula, umekwisha kutosha.

Kolera ni tofauti kidogo. Asidi ya tumbo letu, ile kali kama ndimu, inaua vijidudu vingi vya kolera, kwa hiyo inahitaji kuingia kwa jeshi kubwa, mamilioni. Ndiyo sababu inapenda maji: mto, kisima, ziwa, ndoo ambayo kila mutu anatia mkono. Tifoide iko katikati, inapita kwa maji na kwa chakula, na ina ujanja wake ambao tutausema. Lakini hizi tatu, na nyingine ndogo ambazo hatutazitaja, ziko na barabara moja tu. Zinatoka nyuma ya mutu mmoja, zinaingia kinywani mwa mwingine. Katikati kuna mkono, au nzi, au maji, au mboga isiyooshwa. Hakuna njia ya tatu. Hazirushwi usiku, hazitumwi na bibi wa kijijini. Kila mutu aliyegonjwa interna kwetu alikula kidogo cha mavi ya mwingine. Ni neno baya, tunajua. Tunaona haya kuyataja lakini hatuoni haya kuyala.

Na Musa hakuona haya. Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Waisraeli wakiwa kambini waliamriwa wawe na mahali nje ya kambi, wabebe kitu cha kuchimbia pamoja na silaha zao, na wafunike kile kinachotoka kwao. Iko ndani ya Biblia ile ile tunayoisoma asubuhi, ila sura ile hatujasikia mahubiri yake hata siku moja.

Kuna rafiki wa mwaka wa tano, mjuzi wa Maandiko kuliko sisi, aliyetujibu kwa Matayo 15. Alisema: Yesu mwenyewe aliwatetea wanafunzi wake walipokula bila kunawa, akafundisha kwamba kinachoingia kinywani si kile kinachomtia mutu unajisi. Wengi walipiga makofi, na siku ile tulikosa jibu. Leo tuko nalo. Wafarisayo hawakuwa na hofu ya kuhara. Walinawa kwa kuonyesha kwamba wao ni safi na wengine ni wachafu. Yesu aliwakemea kwa kutafuta uchafu wa ndugu zao kwenye vidole, wakati wenyewe wana mabaya moyoni. Sasa nani alifanya kazi ya Mfarisayo hapa kwetu? Yule anayeomba sabuni, au wale walionyosha kidole kwa mtoto na kumuweka mwisho wa benchi?

Turudi kwa ule ujanja wa tifoide, kwa sababu hapo ndipo mashtaka ya bulozi yanapata nguvu. Kuhara damu kunatokea siku moja mpaka tatu baada ya mikrobe kuingia. Kolera inaweza kuanza baada ya saa chache, au mpaka siku tano. Lakini tifoide inajificha juma moja, mbili, hata tatu, mbele ya homa kupanda. Mutu anaanza kugonjwa leo, na jamaa wanauliza: «Jana alikula kwa nani?» Wanamkuta jirani, au shangazi, au muke wa pili. Kumbe mikrobe iliingia kwenye matanga ya juma mbili zilizopita, kijiji kingine, kwa kopo moja la maji ambalo hakuna anayelikumbuka. Familia ngapi zimevunjika kwa hesabu mbaya ya siku!

Na jambo la pili: mutu anaweza kubeba mikrobe bila kugonjwa. Kule Marekani kulikuwa na mpishi, mwanamuke aliyetoka Ireland, jina lake Mary Mallon. Alikuwa na nguvu, alipika vizuri, na nyumba karibu zote alizopikia watu waligonjwa tifoide. Mwaka wa 1907 serikali ya New York ilimkamata, ikamuweka kwenye kisiwa. Alikataa kabisa, akasema yeye hajagonjwa hata siku moja. Hakusema uongo kwa moyo wake, alijisikia muzima. Walimuachilia mwaka wa 1910 kwa sharti asipike tena. Akabadilisha jina, akapika tena, mara hii katika hospitali ya wazazi, na mwaka wa 1915 walimrudisha kisiwani. Alibaki huko mpaka alipokufa mwaka wa 1938. Chakula chake cha moto hakikuwa na hatari kubwa, maana moto unaua. Hatari ilikuwa katika vile visivyopikwa, na inasemwa alikuwa hodari kwa barafu ya maziwa yenye matunda mabichi.

Sawasawa na bukari yetu. Inatoka motoni salama kuliko kitu chochote katika nyumba ile. Ubaya unaanza pale mkono unapoikata.

Angezaliwa huku kwetu, Mary angeitwa mulozi. Kule walimuita kwa jina la ugonjwa, na hilo pia si jina la kumpa mutu. Tunamtaja ili tujibu wale wanaosema: «Kama haina bulozi, kwa nini ye hakugonjwa?» Pengine mwili wake ulikwisha kujua ugonjwa ule mbele. Pengine hakukula siku ile, maana anayegawa anakula wa mwisho, na mara nyingi anakuta sufuria tupu. Tuliokuwa wadogo interna tunalijua. Pengine alibeba bila kujua. Sababu ziko nyingi, na hakuna hata moja inayotoka kwa bibi yake.

Wengine watasema tunakuza mambo ya kuhara. Basi wasikilize historia ya inchi yetu wenyewe. Mwaka wa 1979 kuhara damu ya Shiga ilianza mashariki, wakati inchi ingali inaitwa Zaïre, ikavuka mpaka Rwanda na Burundi, ikatembea miaka. Na mikrobe ile haikuogopa dawa. Dawa zile ambazo watu wananunua sokoni kwa moja moja, tetrasikline, ampisiline, zilipita juu yake kama maji juu ya jani la muhogo. Ndiyo sababu muuguzi anakasirika akiona mzazi amempa mtoto vidonge viwili vya rangi mbili alivyonunua kwa mutu wa kapu. Vidonge viwili haviponyi. Vinaifundisha mikrobe kujikinga.

Mwaka wa 1994 Goma. Wakimbizi wa Rwanda walivuka kwa mamia ya maelfu mwezi wa saba. Mji ule umekaa juu ya mawe ya volkano, na mawe hayo hayachimbiki kwa jembe. Hakuna shimo la musalani, hakuna hata kaburi. Maji waliyachota ziwani Kivu, kando ya mahali walipojisaidia. Kwanza ilikuja kolera, kisha kuhara damu nyuma yake. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kuhara. Sisi tuko na udongo laini, jembe linaingia lenyewe. Na bado kuna watu interna wanaokwenda nyuma ya nyumba usiku kwa uvivu wa kutembea hatua arobaini.

Huku kwetu kolera imekaa katika maziwa ya Upemba, upande wa Bukama na Malemba-Nkulu, na kutoka huko inapanda pamoja na watu na samaki, inafuata njia ya reli. Mwaka wa 2008 iligusa Likasi na Lubumbashi. Reli haifiki Musumba, na wengine wanajivuna kwamba umbali unatulinda. Lakini wakubwa wetu wangapi wako Kolwezi katika machimbo? Mwaka wa 2014 watu wa Kasulo walianza kuchimba ndani ya nyua zao na hata chini ya nyumba kwa kutafuta kobalti, na penye mashimo mengi ya madini, mashimo ya musalani ni machache. Vijana wale wanarudi Noeli na redio, na nguo, na franga kidogo. Wanapanda kamyo, siku nyingi njiani, wanakula popote. Hatuwalaumu, ni franga yao inayolipa masomo ya wengi kati yetu. Tunasema tu kwamba ugonjwa hauna haja ya reli. Unapanda kamyo bila kulipa.

Wazee wanatuambia kwamba zamani kila Mwant Yav mpya alijenga musumba yake mahali papya, kati ya mto Nkalany na Lulua, na mji wa zamani ukaachwa kwa majani. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya mikrobe, ilikuwa mambo ya ufalme. Lakini tunafikiri udongo na visima vilipata mapumziko. Sisi hatuhami tena. Tunakaa palepale mwaka baada ya mwaka, juu ya mashimo yetu wenyewe, na kisima chetu kiko chini ya mteremko. Anayeweza kufikiri afikiri maji ya mvua yanatelemka wapi.

Kitu kimoja kilifanywa vizuri juma lile, na ni haki tukitaje. Wadada watatu wa mwaka wa mwisho, ambao muuguzi aliwafundisha, hawakungoja mutu awaambie. Walichemsha maji, wakapima litre moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, basi. Wakanywesha wagonjwa kidogo kidogo usiku kucha, hata wale waliotapika. Walingoja kidogo, wakaanza tena. Muuguzi alisema wale wanne walifika kwake na uhai kwa sababu ya maji yale. Mwaka wa 1971, vita vya Bangladeshi vilipojaza kambi za wakimbizi kule India, daktari Dilip Mahalanabis alikosa maji ya sindano, akawapa wagonjwa wa kolera maji ya namna hii ya kunywa. Mbele yake walikuwa wanakufa karibu 30 kwa mia. Katika kambi yake walishuka chini ya 4. Kwa chumvi na sukari! Angalieni tu: wanaozidisha chumvi wanamharibu mgonjwa, na mwenye damu lazima afike hospitali hata akinywa.

Sasa tuje kwa mambo yetu wenyewe, na hapa makapita hatupatani wote. Tunasema «sisi», lakini kura ilikuwa saba kwa tano.

Tunataka kuosha musalani kutoke katika orodha ya adhabu. Kabisa. Iwe kazi ya zamu ya interna nzima, wakubwa na wadogo, kama vile kuchota maji. Wale watano waliuliza: «Basi tutabaki na adhabu gani?» Ni swali la kweli. Mutoto akikataa kuamka, utamfanya nini? Tunajibu: apande miti, afyeke majani ya uwanja wa mpira, aandike mistari. Kazi ambayo afya ya wote inaisimamia haiwezi kuwekwa katika mikono ya yule mdogo kuliko wote, aliyekasirika, peke yake, bila sabuni, akiharakishwa. Anayefanya kwa adhabu anafanya vibaya. Nasi tulifanya hivyo tulipokuwa wadogo: tulimwaga ndoo mbili mlangoni ili paonekane pamelowa, tukaondoka. Kapita aliangalia tu kama kuna maji chini. Miaka mitano tumepitisha mchezo ule kutoka mkubwa kwa mdogo, tukauita nidhamu.

Tena, mwenye zamu ya musalani asiguse chakula siku ile. Asigawe bukari, asichote maji ya kunywa. Hili hata wale watano walilikubali.

Juu ya maji ya kunywa, ile ndoo ya kutumbukiza mkono tunaomba iondolewe. Ndoo iwe na kifuniko na kopo moja lenye mkono mrefu, la kumiminia tu, na kila mutu awe na kopo lake. Maji yachemke kweli kweli, yafanye mapovu makubwa, si kupata moto tu. Mama wa jikoni alitusikiliza, kisha akasema neno moja: «Kuni?» Na ana haki. Kuni tunachoma kwa bukari na hazitoshi. Kwa hiyo kila darasa likubali kuleta kuni za maji peke yake siku ya Jumamosi. Tumelijaribu juma mbili sasa. Darasa moja halijaleta hata fimbo, wanajijua.

Juu ya mikono, tumetengeneza kitu ambacho wengi mmekiona na kukicheka. Ni bido ndogo ya litre tano, imetobolewa kwa msumari wa moto, imefungwa kwenye fimbo, na kamba inashuka mpaka kipande cha mti chini. Unakanyaga mti, bido inainama, maji yanatoka kidogo kidogo; mkono hauigusi bido. Sabuni inaning'inia kwa kamba ndani ya kopo lililopinduliwa, mvua isiiyeyushe. Ziko mbili: moja mlangoni mwa musalani, moja mlangoni mwa nyumba ya kulia. Sabuni ya kwanza iliibwa usiku wa pili. Tulikasirika, kisha tukafikiri: aliyeiba ni mutu asiye na sabuni. Tuliweka nyingine. Siku isipokuwako, yatumieni majivu ya jikoni. Hayawi sawa na sabuni lakini yanaweza kusaidia. Walimu wetu wanatuambia kwamba kunawa kwa sabuni peke yake kunaondoa karibu theluthi moja ya kuhara kote. Kwa watu kumi na mmoja wa juma lile, ni watatu au wanne ambao wangelala usingizi wao.

Kuhusu franga ya sabuni: tumehesabu kwamba interna nzima inakula miche miwili kwa juma. Makapita tutalipa mwezi wa kwanza kutoka mifuko yetu. Hatufanyi hivyo kwa kuonyesha wema. Ni deni.

Na liko deni lingine, ambalo halilipwi kwa sabuni. Kitanda cha mtoto yule kiko tupu mpaka leo, cha tatu kutoka dirishani. Jumapili iliyopita wawili wetu tulikwenda kijijini kwao kwa kinga, mwendo wa nusu siku. Mama yake alitupatia viti na karanga. Mtoto hakutoka nyumbani. Tulimwambia mama yale mliyoyasoma hapa, nani alimtuma musalani, nani alimpigia kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tulikwisha kuyasema maneno hayo mbele ya wale waliomuita mwanawe mulozi, au kwake yeye tu. Tulikosa la kusema.

Basi sasa tumeyasema mbele ya wote. Nakala mbili za gazeti hili zitakwenda kwake na mutu wa soko siku ya Ijumaa, moja ya mama, moja ya mjomba. Jumatatu saa kumi na mbili ya asubuhi zamu mpya ya musalani inaanza. Majina kumi na mawili ya kwanza yamebandikwa mlangoni. Yote ni ya makapita.